Mwito wa Kwanza

Makorora, Tanga
12 Agosti 1957

Kwa ndugu yangu Shekhe Kombo, Pangani.

Salaam nyingi, na baada ya salaam nakuarifu kwamba kwa miaka sita nimeficha jambo moja kuhusu kifo cha shemeji yako Makame, na lawama yake umeibeba wewe. Nisamehe kwa kulitanguliza kabla ya kukujulia hali. U mzima? Wa nyumbani hawajambo? Mimi kifua kimenizidia. Naandika mistari miwili, kisha nalala.

Juzi binti yangu Beatrisi alirudi kutoka sokoni na habari kwamba posa ya mwanao Asmahani imesimama. Wazee wa upande wa mume wameambiwa kwamba baba yake alimkatia mtu pumzi baharini, nao wanasema hawachanganyi damu na nyumba hiyo. Ndipo nikaomba kalamu.

Unaikumbuka kazi ile ya kutoa shaba kwenye meli ya Wajerumani iliyolala chini, mbele ya Tongoni, tangu vita vya kwanza. Makame alivaa kofia ya chuma na nguo ya mpira, akashuka. Wewe ulizungusha gurudumu la pampu iliyompelekea pumzi. Mimi, mwalimu mstaafu, nilipewa kamba ya ishara kwa kuwa sikosei kuhesabu. Mvuto mmoja, yu salama. Minne, apandishwe upesi.

Unakumbuka pia wazee wa Tongoni walivyotuonya kwamba meli ile ina wenyewe, na anayeitwa kutoka kwao, hata kwa kamba, asiitikie mwito wa kwanza, kwani binadamu huita tena, jini haiti mara ya pili. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikawaambia nimefundisha watoto miaka thelathini, sitafundishwa na kamba. Makame akadakia kwamba yeye asiyemwitikia ni mkwewe tu, nawe ukamjibu kwamba mama yako hajaona hasara yoyote.

Hiyo ilikuwa kabla Makame hajamrudisha mkewe, dada yako Mwamvua, kwenu. Baada ya hapo ulisema mbele ya watu kwamba iko siku bahari itamtapika. Wiki haikupita.

Tulipompandisha, nguo ilikuwa imechanika ubavuni, imejaa maji. Polisi aliniuliza kama aliita. Nikajibu kwamba kamba haikutikisika. Kwa neno hilo watu wakakata shauri: kama chuma kingechana nguo kwanza, Makame angeita, hakuita, basi pumzi ilikatika ghafla, na pampu ilikuwa mikononi mwa nani? Polisi walikuachia. Watu hawakukuachia.

Nami nilikushuku. Nilikaa nikikumbuka ulivyofuta jasho, ulivyotazama pembeni, ulivyobadilisha mkono, nikitafuta pale ulipolisimamisha gurudumu. Mazishini uliponipa mkono, niliutazama kwanza. Niliutaka uwe mkono wa muuaji. Ulipohamia Pangani nikasema asiye na hatia hahami. Lakini kila nikirudi katika siku ile, gurudumu linazunguka. Nililisikia mgongoni kwangu mwanzo hadi mwisho, halikukatika hata mara moja.

Wapelekee wazee wa upande wa mume barua hii, wasomewe yote bila kurukwa neno. Mchungaji wetu ameishuhudia sahihi yangu. Msalimie Mwamvua, ingawa najua akishasomewa hatazipokea salaam zangu. Beatrisi anakuamkia shikamoo. Bado hajui ninachoandika.

Kamba ilivutwa, Shekhe. Mara nne, zikifuatana, wazi kama mtu anayebisha mlango. Na mimi niliyewacheka wazee nikaikaza mikononi, nikanyamaza, nikasubiri Makame aite mara ya pili.

Ni mimi,
Manase Mhina