Aliyepewa Koki

Jumatatu, 2 Machi

Leo Baba amempa Chiriku koki. Nimeanza na sentensi hiyo ili nisiizunguke.

Tangu tumbo la Mama liwe kubwa na daktari amkataze kuinama, nafasi yake kwenye mashine ya kuzibulia mabomba imekuwa wazi. Nilikuwa naisubiri. Sikusema, lakini nilikuwa naisubiri. Kila jioni nilizisogeza glavu zake za rangi ya chungwa zikae karibu na mlango, mtu azione.

Zimevaliwa na mikono ya Chiriku! Mtoto wa shangazi, amekuja kwetu juzi tu kungoja matokeo ya mtihani. Jina hilo la utani kalipata kwa kuongea. Baba alisema kwa vile ana mwili na yuko nyumbani, atamsaidia. Mimi nisome. Aliniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma.

Jumanne, 3 Machi

Kazi yote naiweza. Nijitahini hapa hapa.

Baba anaingiza mpira kwenye bomba lililoziba. Mtu wa koki anafungulia maji. Pua ya mpira ina vitundu vinavyotazama nyuma, kwa hiyo presha yenyewe inausukuma mpira mbele, mpaka kwenye uchafu. Halafu Baba anauvuta taratibu, maji yakiwa bado wazi, yanafagia kuta za bomba. Ameinama, hawezi kuangalia vyote. Mtu wa koki ndiye anayeitazama tepu nyekundu iliyofungwa karibu na pua. Tepu ikitokeza tu mdomoni mwa bomba — funga! Ukichelewa, pua inatoka na maji yake, mpira unaruka ovyo, na maji yale yanachana ngozi. Baba ana kovu kwenye kiganja. Ndiyo maana kuna tepu.

Nimejipa mia kwa mia. Hakuna wa kusahihisha.

Alhamisi, 5 Machi

Wamerudi wananuka. Jiko la hoteli, mafuta yaliyoganda bombani kama sabuni. Chiriku akatuigizia meneja aliyeshika pua kwa leso huku akiwakaribisha kwa heshima zote. Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kwa vichekesho vyangu Baba hutabasamu tu.

Kisha akamwita "fundi wangu".

Nimeuonea wivu hata ule uvundo. Chiriku alioga mara mbili na bado ulikuwapo, na mimi nilikaa pale nikinuka sabuni ya kufulia sare.

Kazi yangu ni ile ile: kuosha mpira wakirudi. Brashi, ndoo, uani. Nimeosha.

Jumatatu, 9 Machi

Ilibidi iwe shule yetu!

Vyoo vya wasichana vimeziba tangu Ijumaa. Tukiwa kwenye somo la jiografia nikasikia mashine. Ningeitambua hata usingizini. Darasa zima likahamia dirishani, mwalimu akaacha tu. Nikaona mgongo wa Baba, ameinamia chemba, na Chiriku amesimama kwenye koki, miguu ameitanua, buti za Mama. Alipofunga maji akageuka, akaniona, akanipungia glavu.

Wenzangu walisema msichana yule ni shupavu. Ninayekaa naye dawati moja akaniuliza kama ni dada yangu.

Nikasema ni mgeni wetu.

Si uongo. Lakini nimelirudia jibu hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila mara lilisikika baya zaidi.

Jumatano, 11 Machi

Chiriku analala kitanda cha pili chumbani kwangu. Leo baada ya chakula alikaa kimya. Chiriku, kimya! Nikamuuliza kama anaumwa.

Akasema anaiogopa mashine. Macho hayabanduki kwenye tepu, hata kupepesa anaogopa, maana mikono ya Mjomba iko pale pale. Anaongea sana ili Mjomba asimjue.

"Wewe mdogo wangu unaijua kazi kuliko mimi. Kwa nini hukuomba wewe?"

Nikasema Baba angetaka angeniambia.

"Na wewe ulimwambia unataka?"

Nikajifanya natafuta rula.

Alhamisi, 12 Machi

Sikumwambia Baba. Nilimkuta peke yake anapaka grisi, nafasi nzuri kabisa. Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo. Nikamletea chai.

Ijumaa, 13 Machi

Wamerudi wamechelewa. Baba kamkumbatia Chiriku begani, mbele ya Mama, akaniambia huyu hata shangazi yako akimtaka simrudishi. Utani, najua.

Niliosha mpira kwa hasira. Nilisugua sana.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi. Naandika haraka.

Nilikwenda kumwaga ndoo ya jana. Chini kulikuwa na kitu chekundu. Tepu. Imebanduka, sikuona, au — hapana, sikuona. Mpira umeshazungushwa kwenye gari. Wanajaza tangi uani, likijaa wanaondoka. Soko la samaki, bomba refu.

Nimeingia nayo chumbani. Nilijiambia natafuta gundi. Sijatafuta gundi. Nimekaa kitandani nikamfikiria Chiriku amesimama na macho yake makavu, anangoja wekundu usiokuja. Atachelewa. Maji yatamrukia. Baba ataona kwamba hafai. Hapo hapo nikaona na mikono ya Baba, lakini ilinijia ya pili. Naiandika hiyo kwa sababu ni kweli. Ilinijia ya pili.

Dirisha liko wazi. Sasa hivi Chiriku kamwambia Baba, "Mjomba, tuukague mpira kwanza?" Kauliza kwa sauti ya kucheka, lakini mimi naijua ile sauti.

Na Baba kajibu, kawaida kabisa, kama anayetaja saa:

"Ukioshwa na binti yangu siukagui. Miaka yote hii sijawahi kuukagua."

Miaka yote hii! Na mimi nilidhani ni ndoo na brashi tu.

Tepu iko gotini, bado ina maji. Mpya iko kwenye droo ya Mama, najua ilipo. Kufunga ni dakika moja. Lakini itabidi niseme mbele yao wote wawili kwamba ilibanduka mikononi mwangu. Baba hatampa koki mtu aliyefanya hivyo. Labda hata kazi ya kuosha.

Tangi limebadilisha sauti, ile nyembamba ya kukaribia juu. Baba anamwambia Chiriku afunge bomba.

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili sikioni —