Nilimwambia Arudishe Kete

Nimefungwa kwenye drafti. Nimechoka, hata viatu sijavua.

Na si kwamba nilizidiwa. Timu zilikuwa sare, mechi ya mwisho ni yangu, kombe lilikuwa mkononi. Mpinzani wangu, baba mmoja fundi saa, akasukuma kete pabaya. Ningekula tatu kwa mkupuo na kufika mwisho wa ubao, kete yangu iwe kingi, mtego uleule tuliousoma mimi na wewe miezi yote hii.

Unajua nilimwambia nini? "Rudisha hiyo, baba, utaliwa."

Yaani nilimwambia arudishe. Kama tunavyoambiana mazoezini.

Refa akaniuliza, "Unamruhusu?" Sasa ningekataaje, na ni mimi niliyemwambia? Nikasema ndiyo.

Akarudisha. Akanifunga.

Kapteni wetu: "Msomi, sisi tumekuleta ucheze drafti, wewe umefungua darasa." Wengine hata hawakunisemesha.

Fundi alinishika mkono akaninong'oneza, "Ahsante, mwanangu. Lakini usirudie."

Rafiki yangu, njia nzima nimejaribu kujuta, nimeshindwa. Ila zile sura za wenzangu siwezi kuzibeba tena. Kesho njoo na ubao. Safari hii nifundishe kunyamaza.