Sami Kwenye Rejeta

Busia,
Desemba 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Okwara,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Thika. Sisi tu wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua redio imekutisha. Ni kweli Mto Nzoia ulivunja kingo na Budalang'i ikawa ziwa, lakini Mama yuko hapa, analala kwenye karakana yangu kati ya vitanda ambavyo sijamaliza kupiga randa, na tayari analalamikia chai yangu.

Nilimfuata kwa lori la misaada ambalo kanisa liliazima. Dereva wake ni mwanamke, Mteso kwa kabila, wa Malaba, jina lake Akiror. Lori hilo ni otomatiki, halina klachi, gia zinajibadilisha zenyewe. Akiror aliniambia njiani kwamba gari la namna hiyo huugua homa mbili, ya injini na ya giaboksi, maana mafuta ya giaboksi hupozwa pale pale mbele kwenye rejeta. Upepo ukizibwa, vyote viwili vinaungua.

Tulipakia watu mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Jirani yetu Jentrix alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, lazima afike hospitali ya Busia.

Tulipoyaacha maji nyuma niliona moshi umesimama juu ya lile ziwa kubwa lenyewe, mrefu hadi mawinguni. Kumbe si moshi, ni sami, wale wadudu wa ziwa, na upepo ukawaleta barabarani. Kaka, uliwaona utotoni, lakini si hivyo. Mchana uligeuka jioni.

Kwenye kilima cha Samia mshale wa joto ulipanda. Akiror alishikilia gia ya chini ili giaboksi isihangaike kubadilisha, akafungulia hita, ile ya siku za baridi, ivute joto la injini, tukaiva kama mihogo. Alisema heri tuive sisi kuliko injini. Haikutosha. Akasimama bila kuzima, akaitoa kwenye gia, akakanyaga mafuta kidogo ili feni na maji vizidi kuzunguka. Mshale uliposhuka ndipo akazima. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akayanusa, akasema bado ni mekundu, hayajaungua. Lakini rejeta ilikuwa imegandwa na sami kama uji wa jana.

Maji ya mitaroni yalikuwa tope tupu, yangeziba zaidi. Maji safi yalikuwa yale ya kunywa tu, kwenye madumu ya kina mama, na kule tulikotoka kipindupindu kilikuwa kimeanza. Akiror hakuomba. Alieleza hali tu. Nyuma ya lori tukamsikia Jentrix akiguna.

Mama ndiye aliyesimama. Alisema, "Mto ulichukua nyumba yangu bila kuniuliza. Haya maji natoa mwenyewe."

Wengine wakafuata, watu waliobaki bila kitu, wakishusha dumu baada ya dumu. Akiror alimwaga polepole kutoka upande wa feni kwenda mbele, sami wakitoka mabonge kwa mabonge, mpaka nikaona mwanga ukipenya. Nilijikuta nimevua kofia kama niko kanisani.

Tulifika Busia mshale umetulia. Jentrix alipasuliwa, na yeye na binti yake wanaendelea vizuri.

Sasa kaka, neno lililonifanya nishike kalamu. Nampenda Akiror. Nilimwambia juzi Malaba, kwenye foleni ya malori, mbele ya madereva wengine. Alijifuta grisi mikononi kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Baba yangu, mzee Oluka, yuko nyumbani. Usije peke yako."

Baba yetu hayupo, wa kunisimamia kwenye posa ni wewe. Mama amesema atakwenda nawe Malaba hata kwa miguu. Tafadhali kaka, omba ruhusa kazini.

Wabusu watoto, na shemeji umwambie kwamba Mama anamuulizia kila siku. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Jacktone Mugeni