Niliwapikia Wageni wa Pori Nyama ya Pori

Mama Adeline, mushauri wetu wa redio, nisikie na mimi leo,

Jina langu ni Kule, wa mutaa wa Rwambuzi hapa Bunia, mutu wa kutembea, nimefika Kampala na Kisangani, nasema luga tano na ya sita naicheka tu, masomo niliyaacha mwaka wa pili wa sekondari juu walimu walikuwa wamenimalizia yote waliyojua, basi watu wa kwetu upande wa Mambasa wakanichagua prezida wa komite ya pori la jamii, lile pori ambalo siye wenyewe tuliamua kulilinda, mitego ya waya ikatolewa, uwindaji ukafungwa miaka mbili ili wanyama wazaane, na wa kwanza kuleta mitego yake alikuwa baba mukwe wangu, muzee Kamate, akapewa kazi ya mulinzi wa pori, na kazi hiyo ndiyo inamulisha yeye na wajukuu watatu.

Mwezi uliopita wageni wa mradi unaotusaidia kulinda pori walikuja kuona kama tunashika sheria yetu. Kwetu mugeni mukubwa hapewi sombe tupu, majani ya muhogo, ni aibu, anapewa nyama ya pori, basi nikaenda kwa muzee: "Papa, unitafutie mboloko mbili tu, wale paa wadogo, wasinicheke." Akaniangalia. "Mutoto wangu, si weye ulitufungia pori?" Nikajibu: "Prezida anafungaka, prezida anafunguaka." Mama, siku ile niliona hilo neno tamu sana.

Wageni wakafunua sahani. Madame Mireille, mukubwa wao, akauliza polepole: "Hii ni mbuzi?" Luga zangu zote tano, hakuna hata moja iliyotoka. Muzee akasimama: "Ni mboloko. Nilitega mimi." Hakusema nani alimutuma, na mimi nikainama juu ya sahani yangu kama mutu mwenye njaa. Sasa mwisho wa mwezi komite itakaa kumufukuza kazi, na mwenye kuongoza mukutano ni mimi! Muke wangu Musoki anajua yote, anapika, anaweka chakula mezani, anarudi jikoni. Nikijitaja wataniondoa, na mradi utaona siye wote ni watu wa muchezo; nikinyamaza, wale watoto watakula nini?

*

Kule, ndugu yangu,

Nilicheka mpaka nilipofika kwa wale wajukuu, hapo nikaacha.

Muzee angekukatalia namna gani? Weye ni mukwe wake, tena ni mukubwa wake wa kazi. Ulimubana pande mbili, halafu alipokufunika ukajificha vizuri. Moyo mwema unao, ndiyo maana umeandika, lakini moyo mwema wa kwenye barua haulishi mutu.

Na usiutaje mradi. Pori ni lenu. Prezida akivunja sheria na azabu imuangukie mulinzi, wawindaji wataelewa haraka kuliko mahubiri yako yote, na waya zitarudi porini.

Kesho panda pikipiki pamoja na Musoki, nenda na kuku, umuombe muzee musamaha mbele ya binti yake. Siku ya mukutano, mwachie katibu aongoze. Simama kabla jina la Kamate halijasomwa, useme: "Ni mimi nilimutuma." Nyamaza hapo, usipambe. Faini ya sheria yenu, lipa weye. Wageni wakirudi, wape sombe. Waliomba kuona pori, hawakuomba kulila.

Wakikuondoa uprezida, usitoke inje na hasira. Keti chini pamoja na wanakijiji wengine, na watakapouliza nani anataka muzee abaki kazini, inua mukono.