Sadaka ya Ulanzi kwa Wadudu wa Uwemba

Jumatano, 23 Februari 1994
Juma la kwanza la Kwaresima. Nimeacha ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, hadi Pasaka. Dorosela, mke wangu, ameahidi kunisimamia — kwa furaha iliyozidi kiasi.

Amefika binti Anifa wa chuo kikuu, achunguzaye mbawakawa watambaao ardhini. Amefukia makopo kumi ya kuwatega hapa Uwemba na kumi Makambako, apate kujua jinsi mvua, baridi na mwinuko vinavyogawa aina zao. Sharti ni moja: ndani yake maji na sabuni tu, kotekote. Ya hapa nimekabidhiwa mimi, katekista kwa miaka thelathini na minne.

Ijumaa, 4 Machi
Aina nne! Makambako, ambako makopo amekabidhiwa Badru mwenye lori, aina kumi na moja.

Badru alipita kuchukua viazi. Aliniamkia kwa adabu, kisha akauliza kama wadudu wetu nao wamehamia Makambako kufuata biashara huria. "Au wamefunga Kwaresima, Katekista?" Nilimkumbusha kwamba yeye naye yumo katika Ramadhani, achunge ulimi. Alicheka njia nzima.

Anifa alinifariji: mbawakawa wengi wa milimani hawaruki, hivyo kila kilima hubaki na wake. Kama kwaya zetu. Sikufarijika.

Jumapili, 6 Machi
Padri amehubiri: tulichojinyima tuwape wenye kiu.

Nimetafakari sana. Mbeta yangu, kile kipande cha mwanzi tukingiacho ulanzi, imejaa, nao unachacha bila mnywaji.

Kila kopo, vijiko viwili, kila jioni. Sadaka.

Ijumaa, 11 Machi
Kumi na tisa! Walikuja kama watu wa mnada. Mmoja mgongo wake kijani kama chupa.

Anifa alishika kichwa. Asema baridi na ukungu wetu vimewahifadhi wale ambao tambarare kavu ya Makambako imewapoteza. Itakuwa sura ya nne ya tasnifu yake. Badru ametumiwa salamu.

Nililala vizuri mno. Mungu anisamehe hilo kwanza.

Jumatano, 16 Machi
Anifa yuko sebuleni na hati. Mwalimu wake anaitilia shaka hesabu ya Uwemba. Ataikubali kwa sahihi ya msimamizi wa makopo tu. Imeandikwa: maji na sabuni, hakuna kingine. Asema kama msimamizi angekuwa mtu mwingine angeogopa, lakini babu huyu amefundisha kijiji kizima amri ya nane, usiseme uongo.

Ya nane! Nikisema kweli, sura yake imekufa, na Badru atapanda huku na lori tupu, makusudi, aje kucheka. Nikitia sahihi —

Dorosela amepita kati yetu, akaiweka mbeta tupu kando ya hati, akauliza kwa heshima zote ni nani aliyekunywa.

Nimewaambia naingia chumbani kutafuta miwani. Robo saa sasa. Anifa anabisha mlango: "Babu, imeonekana?"

Imeonekana. Iko puani.