Vichwa Vidogo vya Maji kwenye Nyasi za Bwana

Kitale, mwezi wa pili

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote wanaoota moto wenu hapo Myanga. Je, lile goti limepoa? Na nyanya yetu Kukhu, macho yake yanamsaidia bado, au sasa anawatambua watu kwa sauti tu? Sisi huku tu wazima. Naliaka mke wangu anakuamkia, na mtoto ameanza kusimama akishika ukuta.

Baba, kama umesikia sokoni kwamba nimefungwa, usiamini yote. Nilishikwa, lakini sikufungwa. Acha nikueleze mwenyewe kabla maneno hayajatiwa chumvi.

Unajua kazi yangu hapa ni kutunza bustani ya Bwana. Kiangazi cha mwaka huu kimekausha kila kitu, na binti yake anaolewa mwisho wa mwezi, karamu iwe pale pale kwenye nyasi mbele ya nyumba. Basi Bwana akaamua tulaze mabomba chini ya nyasi na kufunga vichwa vya kurusha maji. Aliniita barazani akanionyesha picha kwenye kitabu cha duka. Alikuwa amechagua vichwa vinne vikubwa, vyenye mkono unaozunguka na kutupa maji mbali sana.

Mimi nimechota maji ya tangi lile miaka mitano. Nikasema polepole, "Bwana, tangi letu halijainuliwa sana, maji hayana nguvu. Hivi vikubwa havitazunguka."

"Nani nauliza wewe?" akasema, akafunga kitabu.

Tulichimba, tukalaza mabomba, tukafunga vile vichwa. Siku ya kufungulia Bwana aliwaita majirani wawili waje waone. Baba, maji yalitoka kama ute wa ng'ombe mgonjwa, yakateremka shingoni mwa chuma, basi. Nikafunga vitatu nikaacha kimoja. Hata mkono wa hicho kimoja haukuzunguka. Majirani wakacheka.

Bwana akawa mwekundu. "Wewe nasema hapana zunguka, sasa hapana zunguka! Wewe nafunga maji kule juu! Wewe naharibu!"

Unajua siku hizi zilivyo. Mtu akisemwa kwamba anaharibu mali ya mzungu, haulizwi mara ya pili. Alinisukuma ndani ya stoo ya mbolea, akapiga kufuli, akamtuma dereva akaite askari. Nje nilimsikia Naliaka akilia, na nyapara wetu akimwambia, "Mama, kusanya vyombo. Mkitolewa hapa mtatolewa mbio." Nilikaa juu ya gunia. Sikuwaza sana jela. Nilijilaumu kwa kufungua mdomo. Ningenyamaza tangu mwanzo, lawama ingekuwa ya chuma.

Aliyeniokoa ni Memsabu, mke wa Bwana. Alichukua ngazi akapanda mwenyewe hadi kwenye tangi, na gauni lake hivyo hivyo. Nikasikia akiita kutoka juu, "Koki iko wazi! Iko wazi mpaka mwisho!" Wakazozana kwa Kiingereza, na sauti ya Bwana ikashuka. Kufuli likafunguliwa. Hakuniomba radhi. Alisema, "Jumamosi nyasi napata maji, ama wewe natoka, na bibi, na ng'ombe." Hiyo ilikuwa Jumatano. Askari walipofika, aliwarudisha.

Kesho yake nilipanda baiskeli nikaenda mjini na barua ya Memsabu ya kuchukua vifaa. Kuna Kalasinga mmoja, jina lake Kartar, fundi wa mabomba mwenye duka. Akaniuliza, "Kule kwenu, debe moja najaa saa ngapi?"

"Nikihesabu polepole mpaka arobaini," nikamjibu, maana nilikuwa nimepima.

Akatikisa kichwa. Akamwaga mezani vichwa vya kila aina, vya shaba na vya bati, vya tundu pana na vya tundu jembamba kama sindano. Nikavijaribu kimoja kimoja kwenye bomba la pipa lake la uani. Vya bati nikaviacha, vingeshika kutu. Nikachagua vidogo vya shaba visivyo na mkono, vinavyonyunyiza tu kama manyunyu ya asubuhi, vichwa kumi, na kichujio cha kuzuia mchanga.

"Hii nafika karibu tu," Kartar akanionya.

"Basi nitavipanga karibu. Maji ya kimoja yafike miguuni mwa mwenzake. Na nitavigawa laini mbili, tuwe tunafungulia moja moja."

Akanitazama. "Nani nafundisha wewe?"

"Tangi," nikasema.

Tulichimba upya, mimi na nyapara, mpaka viganja vikachubuka. Jumamosi Bwana alisimama barazani, mikono kifuani. Naliaka alikuwa mlangoni kwetu, mzigo umekwisha fungwa. Nikafungua koki. Kwanza ikatoka hewa, ikakohoa. Kichwa kimoja kikatema udongo. Halafu vyote vitano vya laini ya kwanza vikaamka pamoja, na laini ya pili vile vile. Nyasi zikalowa hadi ukingoni. Bwana akaingia ndani.

Jumapili nilimsikia akiwaambia wageni kwamba vichwa vidogo vilikuwa shauri lake. Hilo halikuniuma, Baba. Linaloniuma ni kwamba hapa ukionya kabla jambo halijaharibika, likiharibika wewe ndiye mharibifu. Sitaki mtoto wangu akue akijifunza kunyamaza.

Kartar ametuma neno kwamba ananitaka tufanye kazi ya mabomba pamoja. Moyoni nimekubali, lakini sitamjibu kabla ya kukusikia wewe. Mjini hakuna malisho, kwa hiyo naomba nafasi bomani mwako kwa ng'ombe wangu watatu. Ukiridhika, mtume shemeji, mume wa dada, aje kwa njia ya Ndalu tuwaswage pamoja. Bwana hajui bado. Nitamwambia mwenyewe, mchana, mbele ya Memsabu.

Mwamkie shangazi wa Kanduyi, mwambie blanketi lake lilifika. Msalimu mama mkwe, na mzee wa kanisa aliyenifundisha kushika kalamu. Mama nitamwandikia peke yake, yapo ya kumwambia yeye tu.

Ninangoja neno lako, Baba.

Mwanao wa pili,
Wekesa