Bati la Jikoni

Mau Narok
8 Machi 1953

Kwa Mama Jerop,

Pokea salamu zangu, wewe na Jerop na Kiptoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwa meno. Kifua cha Kiptoo kimepona? Na mgongo wako? Nieleze yote, usiseme tu "hatujambo" kama mtu anayemjibu karani.

Habari ni hii: nimetolewa kwa bustani, nimewekwa jikoni. Ndung'u aliyekuwa mpishi alipandishwa lori na askari pamoja na Wakikuyu wote wa shamba hili, kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na kesho yake memsaab, mke wa Mzungu wetu, akasimama mlangoni akaita, "Kipsang, wewe utapika." Nikamwambia sijui. Akasema nitajifunza. Aproni ya Ndung'u ilikuwa bado kwa msumari wake. Niliivaa, na sikujisikia vizuri.

Lakini kuna chakula kimoja lazima nikueleze. Memsaab ana bati. Analipaka mafuta, halafu anapanga juu yake waru, hivi viazi vya huku, zilizokatwa, karoti, vitunguu na vipande vya nyama ya kondoo, chumvi kidogo, na majani fulani ya bustani yenye harufu kali. Vyote pamoja, lakini visilaliane. Analisukuma ndani ya stofu, anafunga ule mlango wa chuma, anaenda zake kushona. Hakuna kukoroga. Hakuna kupuliza moto mpaka machozi yatoke. Ukifungua, waru zimekuwa nyekundu pembeni, mafuta ya nyama yameingia kwa karoti, na chombo cha kuosha ni kimoja tu.

Kilichonishika hasa ni kitu kingine. Bati linawekwa katikati ya meza na wote wanakula wakati mmoja, bwana, memsaab na watoto. Baba anamkatia mtoto nyama. Mimi nimesimama nyuma yao na kitambaa mkononi, nikafikiri juu ya nyumba yetu, vile mimi nakula peke yangu kwa kiti na nyinyi mko huko jikoni. Nawasikia mkicheka na sijui mnacheka nini. Najua, kwetu Kabartonjo baba hali na watoto, na mwanamume haingii jikoni. Lakini kama nimekuwa mpishi wa watu wengine, kwa nini nisiwapikie wangu? Nikipata likizo nitawapikia kwa mkono wangu, na tutakula sote pamoja. Usimwambie mama yangu.

Lakini usiningoje, jaribu mwenyewe kwanza. Tafuta bati, lioshe vizuri, weka makaa chini na makaa juu.

Nimewakumbuka mpaka nasikia uchovu.

Ni mimi,
Baba Jerop


Bondeni, Nakuru
29 Machi 1953

Baba Jerop,

Barua yako ilifika. Jerop alininyang'anya akaisoma kwa sauti mpaka Jepkosgei wa mlango wa pili akaja kusikiliza, kwa hivyo ile siri ya mama yako imekwisha. Sisi ni wazima. Kifua cha Kiptoo kimepona. Mgongo wangu ni ule ule, nilikuja nao kwako na nitazeeka nao. Na wewe je, unalala na blanketi ngapi huko? Usijitie uanaume kwa baridi.

Sasa wewe, uliyechemsha maji yakaungua siku nilipokuwa na homa, leo unanifundisha kupika? Haya, mwanafunzi alitii. Bati nilitafuta. Sokoni wanauza bati zima la paa, hakuna anayekata kipande. Basi nilipanda juu ya kibanda chetu cha jikoni nikang'oa lile la pembeni lililokuwa limelegea. Nililisugua kwa mchanga na jivu, nikapanga waru na karoti na nyama vile ulivyoandika, visilaliane. Makaa chini, na juu nikafunika kwa karai nililolijaza makaa.

Baba Jerop, hicho chakula kilikuwa na ladha ya mvua na masizi. Waru za katikati zilikuwa mbichi, na za pembeni zilikuwa makaa kama makaa yenyewe. Kiptoo alitafuna, akatafuna, akaniuliza, "Mama, na Jumapili tutakula mlango?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema kumbe Wazungu wana tumbo la chuma.

Sasa jikoni kuna tundu, na mvua zimeanza. Napika nikiwa nimejibana upande mmoja. Jepkosgei anasema mume wake angeliziba mara moja. Nimekataa. Nimemwambia tundu hilo lina mwenyewe. Nikiinua macho kutoka kwa moto naona anga, nasema, huyo ni Baba Jerop, bado hajafika.

Kuna jambo lingine, na hilo si la kucheka. Hapa wameanza kuuliza watu wa kwetu, sisi Wakikuyu, vibali vya kukaa. Mimi nimezaliwa Njoro kwa shamba la Mzungu, sijui kibali changu kitatoka wapi. Omba hiyo likizo.

Ni mimi,
Mama Jerop


Mau Narok
19 Aprili 1953

Kwa mama wa watoto wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wakavu. Mimi sina ugonjwa, na blanketi ninazo za kutosha, usinihangaikie.

Yako niliisoma nyuma ya kuni, nikacheka mpaka mbwa wa memsaab akaja kunitazama. Halafu nikaogopa. Usipikie tena kwa hilo bati, tafadhali. Bati la nyumba limepakwa dawa ya kuzuia kutu, linaweza kuwaumiza. Kosa ni langu. Huyu memsaab ana Kiswahili chake mwenyewe. Mimi na ndevu zangu naitwa boi, na lile sinia la chuma la kuokea, lenye kingo fupi, yeye analiita bati. Nimekaa naye mpaka naandika kama yeye. Mimi nilisema bati, wewe ukang'oa nyumba.

Sasa nakutumia lenyewe. Memsaab alikuwa amelitupa kwa sababu limepinda upande mmoja, nikamwomba. Atakuletea Kimaiyo, dereva wa lori la viazi. Kata waru ndogo, na karoti nyembamba zaidi kwa maana zinachelewa. Vitunguu viache vikubwa, vinaungua haraka. Nyama iweke juu ya waru ili mafuta yashuke. Makaa machache chini, mengi juu. Huo upande uliopinda usiuogope, mafuta yote yanakimbilia huko, na waru zake ndizo tamu kuliko zote.

Likizo niliomba. Memsaab alisema, "Hapana, Kipsang. Wewe tu naamini, sababu wewe si wao." Jua likianza kushuka wananifungia nje, na asubuhi memsaab ananifungulia na bastola kiunoni, halafu anakaa anakunywa chai niliyoipika mimi. Siku hiyo aliniuliza habari za mke wangu, "Bibi yako wa wapi?" Nilisema, "Wa Nakuru." Nilirudi kwa stofu nikaota moto, na nikamkumbuka Petro, aliyemkana Bwana wake akiota moto.

Mama Jerop, nitakuja. Kila nikitoa chakula kwa stofu nahesabu vichwa vyenu, halafu naona ni vichwa vya watu wengine.

Ni mimi,
Baba Jerop


Bondeni, Nakuru
10 Mei 1953

Baba Jerop,

Tunakusalimu sote, na Kimaiyo naye anakusalimu. Alileta sinia limefungwa kwa gunia, akakataa hata chai. Watoto hawaumwi. Mimi naumwa moyo tu, na utajua kwa nini ukiendelea kusoma.

Nilipika Jumapili tulipotoka kanisani. Harufu ilipotoka, Jepkosgei alikumbuka ghafla kwamba alikuwa ameazima chumvi yangu, akairudisha. Waru zilikuwa vile ulivyosema. Tuliweka sinia katikati ya mkeka tukala sote, lakini nikawaambia watoto, huo upande uliopinda hakuna mkono unaogusa, hiyo ni pembe ya baba. Kiptoo aliitazama mpaka ikapoa. Kesho yake nilimpa, lakini siku ile ilikaa pale ikikungoja.

Sasa nisikilize. Ulisema mimi ni wa Nakuru. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kuchota maji, na maji yalikuwamo nyumbani. Mimi ni Wangare wa Hiram. Baba yangu alipokea ng'ombe wako akakubariki kwa Kiswahili cha kuvunjika, kwa sababu yeye hakujua Kitugen na wewe hukujua Kikuyu. Watu wangu waliponiuliza naolewa na nani, sikukuficha. Imeniuma, Kipsang. Nimesema imeniuma, na ningependa yaishe.

Lakini hayawezi kuisha hivyo, kwa maana neno hilo hilo ulilomnyima memsaab ndilo nalihitaji sasa. Wanakusanya Wakikuyu wasio na kibali na kuwapeleka rizavu, ile ardhi waliyotengewa. Mimi watanipeleka Murang'a, mahali sijawahi kuona hata moshi wake. Karani ameniambia mke wa mtu wa kabila lingine anaweza kuachwa abaki hapa, ila mume aje mwenyewe, asimame mbele ya ofisa aseme, huyu ni mke wangu. Barua haitoshi. Wamesema mwisho wa mwezi huu.

Usilete nyama, usilete viazi. Lete mdomo wako tu.

Mke wako,
Mama Jerop


Mau Narok
7 Juni 1953

Mama Jerop,

Hujambo? Uko? Naandika salamu na sijui namsalimia nani.

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Lori la Kimaiyo lilikwama kwa matope huku juu, likavunjika ekseli, na barua ikakaa ndani ya koti lake muda huo wote. Hakujua imebeba nini. Mwisho wa mwezi umepita.

Mchana nilibeba bati nikaliweka mezani, na sikurudi nyuma kusimama. Nikasema, "Memsaab, bibi yangu ni Mkikuyu. Anaitwa Wangare. Wanataka kumchukua, na mimi naenda." Bwana aliweka uma chini. Memsaab alinitazama, halafu akatazama chakula, akasukuma sahani mbali na watoto kana kwamba zina sumu. Ni kile kile alichonifundisha yeye. Akaniambia nitoe aproni. Niliirudisha kwa msumari wa Ndung'u.

Kesho bwana atatia sahihi kipande changu, ile karatasi ya kazi, kisha nateremka, kwa lori au kwa miguu. Barua hii naipa gari la maziwa ili initangulie. Kama wakija, mshike Jepkosgei, shika mlango, sema mume wangu yuko njiani. Na tundu liache, nitaliziba mimi.

Mume wako,
Kipsang


Bondeni, Nakuru
28 Juni 1953

Mke wangu Wangare,

Nakusalimu popote ulipo. Barua hii nampa mhubiri anayekwenda Murang'a, amesema atauliza kanisa kwa kanisa. Umelala wapi? Mgongo unakuruhusu? Watoto ni wazima. Hilo nalisema kwanza kwa sababu najua ndilo unalolitafuta.

Barua yangu niliikuta chini ya mlango, nikaifungua mwenyewe. Jepkosgei alinieleza. Askari walikuja mkiwa mnakunywa chai, wakasema watoto ni wa kabila la baba, wabaki, na wewe ukamwambia Jerop amshike mdogo wake mkono asiuachilie mpaka nije. Nilipofika alikuwa bado ameushika, hata wakicheza.

Nilienda kwa ofisa. Nilisimama nikasema, "Wangare binti Hiram ni mke wangu." Nilisema kwa sauti, watu wa foleni wote wakasikia. Akaniuliza, "Yuko wapi?" Naenda kila wiki, nasema tena, na wananijibu ningoje.

Jumapili nilipika. Wanaume wa hapa walikuja kumwona Mtugen ameinama kwa jiko, wakapata kicheko cha kuwatosha. Nilikata waru ndogo, nikaacha vitunguu vikubwa. Jerop alisema mama hukata hivi, akaninyang'anya kisu. Nikakaa kwa mkeka nao. Kiptoo alisema nyama ya baba ni nzuri lakini paa la mama lilikuwa na chumvi zaidi, tukacheka. Sasa nilikuwa pale, nilijua tunacheka nini, na niligeuka kukutafuta.

Ule upande uliopinda niliwaambia wale. Jerop akasema hapana, hiyo sasa ni pembe ya mama. Ikakaa. Halafu mvua ikanyesha kupitia tundu, ikalowesha chakula chako.

Sijaliziba. Ulisema lina mwenyewe. Nami nikiinua macho naona anga, nasema, huyo ni Wangare, bado hajafika. Nitaliziba siku ukiwa umesimama chini unaniambia nimekosea.

Mume wako,
Baba Jerop


Murang'a
15 Novemba 1953

Baba Jerop,

Mimi ni mzima. Nimekonda, lakini ni mzima. Mhubiri alinipata mwezi huu, barua imechakaa kwa kukunjwa lakini hakuna neno lililofutika. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Hapo pa kusema mbele ya foleni, hapo ndipo narudi kila mara.

Huku tunachemsha tu, mahindi na maharagwe kwa sufuria moja. Hakuna anayeamini nikiwaambia kuna chakula kinachojipika chenyewe mtu akishona. Kikuyu changu cha Njoro kinawachekesha. Wananiuliza, wewe ni wa wapi? Nawaambia, wa Nakuru.

Hawasemi tutarudi lini. Nawalilia watoto, na wewe nakulilia, sitaficha. Mwambie Jerop sasa anaweza kuachilia mkono wa Kiptoo. Na ile pembe msiiache ipoe. Mpe mtoto, anakua.

Tundu nalo, Kipsang, panda ulizibe. Mvua za Desemba zinakuja, na watoto wasinyeshewe kwa ajili yetu sisi wawili. Mimi sikutokea kwa paa. Nitarudi kwa mlango.

Mke wako wa Nakuru